Wasiwasi unanenepa ukikwepwa

Jamani leo narudia lile lile la wasiwasi na kukwepa kinachokutisha, anayenijua ashajua nitaenda kwenye lifti, basi tuanzie huko huko yaishe.

Kuna jamaa ofisi yake ghorofa ya saba. Siku moja ndani ya lifti moyo ukaanza kumdunda, pumzi zikambana, vidole vikaingia ganzi, akajua hapa ndo nakufa. Mlango kufunguka akatoka mbio. Kesho yake akapanda ngazi, akafika juu jasho linamchuruzika ila roho imetulia, na hapo ndo mambo yalipoharibika, maana ubongo umejifunza kilichomuokoa ni ngazi! Baada ya muda hata basi la abiria hapandi, mikutano haendi, foleni ya benki anamtuma mdogo wake. Kila akikwepa anapumua, na kila akipumua hivyo ubongo unazidi kuamini kweli kulikuwa na hatari.

Kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni si aambiwe tu aache woga. Ndugu yangu, unadhani hajajiambia? Kwenye ubongo kuna sehemu inaitwa amigdala, hiyo ikipiga king'ora adrenalini, homoni ya kukuandaa kupigana au kukimbia, inamwagika na moyo unakimbia, haikusubiri umalize kufikiri. Shambulio lenyewe la hofu, kama lile la kwenye lifti, kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi halafu linashuka, ila yeye hajawahi kukaa akaliona likishuka, keshakimbia.

Ndo maana tiba ya kisaikolojia sio kupiga stori. Mnaorodhesha hofu kuanzia ndogo: kusimama mbele ya lifti, kuingia mlango ukiwa wazi, kupanda ghorofa moja, unarudia mpaka inachosha. Na sio mambo ya jana, mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones kule Marekani alimtibu mtoto aliyeogopa sungura kwa kumsogeza sungura kidogo kidogo huku mtoto anakula anachopenda, mwisho akawa anamshika mwenyewe. Miaka ya 1960 daktari wa akili Aaron Beck akaja na upande wa mawazo, lile "nakufa" linaandikwa linahojiwa, umepanda mara ngapi, umekufa mara ngapi?

Mara nyingi ni vikao 12 mpaka 20, na kuna kazi ya nyumbani, asiyefanya asinilaumu.

Dawa... naona naonyeshwa saa. Zipo, zinasaidia wengi, usizianze wala kuziacha bila daktari. Na moyo ukidunda hivyo mara ya kwanza kapimwe kwanza, sio kila kudunda ni wasiwasi.

Yule jamaa? Lifti anapanda, ila bado anaongea peke yake humo ndani.