Tatu Juu, Kushoto: Namna ya Kuuliza Kumbukumbu za Mitaa ya Glasgow

Mabibi na mabwana, ukimwuliza mzee wa Glasgow, Scotland, "maisha ya zamani yalikuwaje?", atakujibu kwamba watu walipendana na milango haikufungwa. Huenda ni kweli, ila jibu hilo limesemwa mara nyingi mno, halina tena pa kushika. Mwulize badala yake: nguo zilianikwa wapi siku ya mvua? Mtu alijuaje kwamba leo ni zamu yake ya kuosha ngazi? Hapo mikono yake itaanza kuonyesha kabla mdomo haujafunguka. Hoja yangu leo ni kwamba kumbukumbu ya mtaa uliobomolewa huwa imara pale mikono na miguu ilipofanya kazi, na huyumba kwenye miaka na majina.

Tuanze na jengo lenyewe, maana asiyelijua hawezi kuuliza. Tenementi ya Glasgow ni jengo la mawe, kwa kawaida lina nyumba za chini na ghorofa tatu juu yake. Kutoka barabarani unaingia kwenye ujia wa pamoja, wenyewe huuita close, kisha unapanda ngazi za mawe. Kila kibaraza cha ngazi kina milango miwili, mitatu, pengine minne. Katika majengo ya watu wa kipato cha chini choo kilikuwa katikati ya ngazi, kikatumiwa na kaya kadhaa. Maisha yalikuwa jikoni: jiko la makaa ya mawe, sinki dirishani, na kitanda kilichoingizwa kwenye uwazi wa ukuta na kufunikwa pazia. Familia nyingi hazikuwa na chumba kingine zaidi ya hicho. Uwani nyuma kulikuwa na banda la kufulia na mahali pa majivu na taka.

Zamu ya ngazi ilitangazwa kwa kadi iliyotundikwa mlangoni mwa jirani mwenye zamu, na hakukuwa na mjadala. Mwulize pia kuta za close zilikuwaje. Vigae vya kauri vilivyong'aa vilikuwa alama ya heshima; rangi iliyopakwa juu ya lipu ilisema jambo jingine. Kwa swali hilo moja unapata hali ya kipato bila kumwaibisha mtu.

Sasa anwani. Mtu atasema "tatu juu, kushoto", maana yake ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Nyumba ya chini haihesabiwi. Wasaidizi wengi hukosea hapa, wakaandika ghorofa ya pili, halafu wanashangaa kwa nini daftari la kodi ya majengo linamtaja mtu mwingine. Na akisema "Gorbals", mtaa wa kusini mwa mto Clyde, usiandike kwanza. Wakazi hujumuisha humo mitaa jirani ya Hutchesontown na Laurieston, ilhali mipango ya manispaa ilivitenganisha.

Miaka usiiulize moja kwa moja. Tumia vigingi. Tramu za mji ziliacha kazi mwaka 1962: ulikwenda kazini kwa tramu au basi? Dhoruba ya Januari 1968 iliua watu 20 nchini Scotland na kung'oa mapaa ya mji kwa maelfu; mabomba ya moshi ya mawe yaliporomoka hadi ndani ya vyumba. Anayekumbuka turubai juu ya paa amekupa tarehe yake bila kujua. Treni ya chini ya ardhi ilifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa tena mwaka 1980 ikiwa mpya, na harufu yake ya zamani bado inazungumzwa. Rangi ya mawe nayo husaidia, ila kwa tahadhari: kuna mawe mekundu na ya manjano hafifu, lakini kabla ya usafishaji wa miaka ya 1970 na baadaye, masizi yalikuwa yameyafanya yote meusi. Mzee akisema nyumba yake ilikuwa nyeusi, hakosei.

Mwaka 1957 sehemu ya Gorbals na Hutchesontown iliidhinishwa kubomolewa na kujengwa upya, ya kwanza kati ya maeneo 29 yaliyopangwa. Kazi iligawanywa kwa awamu zilizopewa herufi. Ile ya C, majengo ya ghorofa 20 yaliyobuniwa na msanifu majengo Basil Spence, ilikamilika mwaka 1965 na kulipuliwa mwaka 1993. Vifusi vilimuua mtu aliyekuja kutazama. Lakini awamu ya E ndiyo inayostahili subira yetu. Majengo yake yalitumia paneli za zege za mfumo wa Kifaransa, Tracoba, uliokuwa umetumika Algeria. Paneli hizo zilipoa haraka, joto la umeme lilikuwa ghali kwa wapangaji, na mvuke wa kupikia na wa pumzi ukawa maji ukutani. Ukungu mweusi ukafuata: kwenye kona, nyuma ya kabati, kwenye viatu. Wapangaji wakaambiwa wafungue madirisha na wapunguze mvuke, kana kwamba kosa ni kupumua! Majengo mafupi ya awamu hiyo yalibomolewa mwaka 1987. Kwa hiyo mtu akianza kujitetea kwamba nyumba yake ilikuwa safi, usimkatize. Anajibu lawama ya miaka ile. Mwulize ukungu ulianza kona gani.

Red Road, mtaa wa majengo marefu kaskazini mashariki mwa mji, ilikuwa na majengo manane, baadhi ya ghorofa 31, yenye fremu za chuma na asbesto ya kukinga moto. Oktoba 2015 sita ya mwisho yalilipuliwa siku moja, mawili yakagoma kuanguka yote. Miaka ya mwisho humo walipangishwa waomba hifadhi, wakiwemo Wakongo, kwa hiyo sehemu ya historia ya majengo marefu ya Glasgow huenda inasubiri kuulizwa kwa Kiswahili.

Kuhusu kurekodi: saa moja yatosha kwa kikao. Picha za zamani ziache mkobani hadi mwisho, kwa sababu mtu akishaiona picha ataanza kuisimulia hiyo. Mpe karatasi tupu achore jikoni, kisha njia ya kwenda shuleni, duka kwa duka. Ndipo umpe ramani. Usiwahoji dada wawili pamoja mwanzoni. Mwenye sauti kubwa atashinda. Baadaye linganisha na madaftari ya kodi ya majengo yaliyoko Mitchell Library, maktaba ya mji, ukikumbuka kwamba humwandika mkuu wa kaya, na mpangaji wa chumba hapotei kwa sababu hakuwepo bali kwa sababu hakuandikwa.

Na kinasa sauti usikizime anapotafuta koti lake. Jina la muuza samaki hurudi mlangoni.