Mfuko Chini ya Godoro

Habari za siku nyingi, ndugu watazamaji. Huu mnaouona mezani ni mfuko wa taka wa kawaida, na nimeuweka makusudi, kwa kuwa ndio sanduku la safari la watoto wengi wanaohamishwa kutoka nyumba moja ya malezi ya kambo hadi nyingine hapa Marekani. Malezi hayo, kwa asiyeyafahamu, ni pale mahakama inapomwondoa mtoto kwa wazazi wake kwa ajili ya usalama wake, kisha akakabidhiwa kwa mlezi kwa muda. Mimi ni mmoja wa walezi hao, katika jiji la Los Angeles.

Vijana wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao, ni wengi katika malezi haya kuliko tunavyodhani. Taasisi ya Williams ya Chuo Kikuu cha UCLA iliwahoji kwa simu vijana 786 wa kaunti hii, wenye umri wa miaka 12 hadi 21, na ripoti yake ya 2014 ikaonyesha kuwa asilimia 19 hivi walijitambulisha hivyo. Ndio pia waliohamishwa mara nyingi zaidi, na ndio waliopelekwa zaidi kwenye makazi ya vikundi badala ya familia.

Sheria ipo. California ilipitisha mwaka 2003 sheria inayokataza kumbagua kijana aliye katika malezi ya kambo kwa sababu ya kuwa LGBTQ, nayo ikaanza kutumika mwaka 2004. Huduma nazo zipo: kituo cha Los Angeles LGBT Center huwapa vijana chakula, nguo na ushauri nasaha, na mwaka 2019 kilifungua Hollywood majengo yenye vitanda 100 vya vijana wasio na makazi. Naisifu kazi hiyo, ila kila kitanda kinapojaa huko huwa najiuliza ni mlango gani uliofungwa kabla. Ndiyo maana navutiwa zaidi na kazi ambayo kituo hichohicho kiliianza mwaka 2010 kwa fedha za serikali kuu, kwa jina la RISE, ya kuwafundisha watumishi wa ustawi wa jamii na kukaa na familia zenyewe, badala ya kumshughulikia kijana peke yake kana kwamba yeye ndiye tatizo.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuwa tatizo mimi. Kijana niliyeletewa alikuwa na miaka 16. Jina na sura yake sitavitoa, kwani siri yake inalindwa, na hata isingelindwa nisingevitoa. Nilimkaribisha kwa uchangamfu, nikamwonyesha kabati, nikamtania kwamba wasichana wa mtaani watanisumbua. Alitabasamu kidogo, akausukuma mfuko wake chini ya kitanda bila kuufungua. Kwa siku kumi na moja alikuwa akichomoa shati moja, analivaa, analifua usiku, analirudisha humo na kufunga fundo.

Mhudumu aliyekuja kututembelea alizungumza naye kwa dakika chache tu, halafu akakaa jikoni na mimi karibu saa nzima. Aliniuliza neno kwa neno nilichosema siku ile ya kwanza. Nilipofika kwenye utani wa wasichana nikanyamaza mwenyewe. Hakunihubiria, alinifundisha namna ya kuuliza swali lisilobeba jibu ndani yake, na namna ya kuomba radhi kwa kifupi bila kumfanya mtoto anibembeleze mimi.

Niliomba radhi jioni ileile, tukiosha vyombo. Alisema, "Sawa," akaendelea kupangusa sahani.

Siku mbili baadaye nguo zake zilikuwa kabatini. Huu mfuko nilionao hapa nimeuchukua jikoni. Wake uko bado chini ya godoro, umekunjwa vizuri, nami sijaugusa.