Spika Nyuma ya Kanga

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Asanteni kwa kuja. Wengi mmeniuliza pale mlangoni ile kanga imetundikwa ya nini. Nyuma yake kuna jozi mbili za spika, zimekaa bega kwa bega, zote zinalishwa na amplifaya moja, na binti yangu ndiye aliyeshika swichi. Nitawapigia kipande kilekile cha taarab mara mbili, dakika moja moja. Udi unaanza, fidla zinaingia, halafu sauti ya mwanamke. Sikilizeni tu, kisha mtanyoosha mikono.

(Muziki unapigwa.)

Jozi ya kwanza? Naihesabu mikono, saba. Jozi ya pili? Karibu ukumbi wote. Haya, shusheni. Tutarudia baadaye.

Nimekuja kuzungumzia namna sisi wapenzi wa sauti safi tunavyochagua vyombo vya kununua. Nimefanya ufundi wa vyombo hivi miaka mingi, na jambo moja nimelishika kwa mikono miwili: mtu yeyote aliyekua akisikiliza muziki ana masikio ya kutosha kujichagulia spika nzuri. Hahitaji mtaalamu. Tabu ni kwamba tukifika dukani masikio hatuyapi zamu. Macho yanatangulia, kibandiko cha wati kinafuata, muuzaji naye anasema yake, na muziki ukija kupigwa pesa imeshahesabiwa.

Tuanze na kibandiko. Nenda Kariakoo, ingia duka lolote la redio. Sabufa imeandikwa mbele kwa herufi za fedha: PMPO wati 5000. Mwombe muuzaji aigeuze. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kuna maandishi madogo: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 60. Hizo 60 ndizo inazovuta ukutani. Sasa chombo kinachokunywa kikombe kimoja kitamwagaje ndoo? Hiyo PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, haina kanuni inayokubalika popote, kila kiwanda kinajihesabia chenyewe. Namba yenye maana ni wati za RMS, nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, na iandikwe ni kwa omu ngapi, yaani kwa spika yenye ukinzani kiasi gani. Wamarekani nao walisumbuliwa na uchafu huuhuu, hadi mwaka 1974 serikali yao ikaweka kanuni kwamba anayetangaza amplifaya ya nyumbani lazima ataje nguvu ya mfululizo kwa kila upande, pamoja na kiasi cha sauti kuharibika.

Na hata wati za kweli peke yake hazikwambii mengi. Spika moja ukiipa wati moja na kukaa mita moja mbele yake inatoa desibeli 84, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Nyingine, kwa wati ileile, inatoa 90. Tofauti ni 6 tu, utaona ndogo. Lakini kila desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili, kwa hiyo 6 ni mara nne. Yule wa 90 akiwa na amplifaya ya wati 25 analingana na wa 84 mwenye wati 100. Watu wanauza amplifaya nzima kutafuta kubwa zaidi, kumbe namba ya kuangalia ilikuwa kwenye karatasi ya spika.

Sasa macho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Kuna mtafiti wa Kanada anaitwa Floyd Toole. Alifanya kazi miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, jijini Ottawa, akipima spika ndani ya chumba kisicho na mwangwi, kisha akiwaita watu wazisikilize bila kuziona. Baadaye alihamia kampuni ya vyombo vya sauti ya Harman huko Marekani, na mwenzake Sean Olive naye akaenda. Mwaka 1994 waliwakalisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyohiyo mbele ya spika za aina nne. Tatu zilikuwa kubwa, za bei, za kupendeza. Ya nne ilikuwa seti ndogo ya bei nafuu, sabufa na vispika vyake vya plastiki. Walizisikiliza kwa njia mbili, zikiwa zimefichwa na zikiwa wazi.

Walipoziona, mbili kati ya zile spika kubwa zilipanda alama na kile kiseti kikashuka. Muziki uleule, chumba kilekile, watu walewale. Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni jambo jingine. Spika ikihamishwa mahali pengine chumbani sauti hubadilika, hilo fundi yeyote analijua. Wale watu walilisikia badiliko hilo vizuri walipofichiwa. Walipoona spika, hawakulisikia kama mwanzo. Kumbukeni hawa ni watu wanaokula mshahara kwa kazi ya sauti. Hawakuwa wakidanganya. Jicho likishaona mbao nzuri na koni kubwa, sikio linapokea taarifa kabla ya muziki kufika.

Habari njema ilikuja mwaka 2003. Olive aliwajaribu watu 268: wauzaji, waandishi wa magazeti ya vyombo vya sauti, wanafunzi, na wasikilizaji waliofunzwa. Waliofunzwa walikuwa makini zaidi na hawakuyumba. Lakini ukipanga spika kwa kupendwa, ya kwanza hadi ya mwisho, mpangilio ulikuwa karibu mmoja kwa wote. Kwa kufichiwa, mwanafunzi na mtaalamu walipenda spika ileile. Na spika inayopendwa ina tabia zake: haivimbi kwenye besi, haipigi kelele kwenye sauti nyembamba, na sauti inayotokea ubavuni mwake inafanana na ile ya mbele. Hii ya ubavuni ni muhimu, maana sehemu kubwa ya unachosikia nyumbani imegonga ukuta kwanza.

Nimewahi kuingia duka moja na CD yangu mkononi, nataka kusikiliza spika ambazo nilikuwa nimeziwekea akiba miezi minane. Muuzaji akakataa kuipiga. Alikuwa na CD moja tu ya maonyesho, ngoma nzito na kengele, na kila spika aliyoiwasha kwa CD ile ilisikika ya ajabu. Niliumia, kwa sababu nilikuwa mteja wa kweli na pesa ninayo mfukoni. Tangu siku hiyo nawaambia watu: asiyekuruhusu kupiga wimbo wako, ondoka. Ngoma na kengele haujui zilivyokuwa pale zilipopigwa. Sauti ya binadamu unaijua tangu tumboni. Ikiwa mwimbaji anasikika kama amefunikwa blanketi, au herufi s inakukata kama wembe, utajua ndani ya sekunde kumi bila kufundishwa. Kwa taarab mimi husikiliza udi: ule mguso wa kwanza wa risha kwenye uzi, kabla noti haijajaa. Spika mbovu inaulainisha au inaugeuza kishindo. Halafu fidla tano zikiingia pamoja, je, unasikia watu watano au unasikia ukungu?

Turudi kwenye kura yetu. Naomba niwaeleze nilichowafanyia. Jozi ya pili niliiacha juu kwa desibeli 2. Hakuna aliyesema “hii ina sauti kubwa zaidi,” si ndiyo? Mlisema moyoni “hii ni nzuri zaidi.” Hivyo ndivyo sikio linavyofanya kazi. Tangu mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini sikio halizisikii besi vizuri, na ikiongezwa zinajitokeza. Kwa hiyo inayopiga juu kidogo huonekana imejaa na ina uhai. Kwenye duka lenye swichi ya kuhamisha spika kumi ukutani, inayotoa sauti kubwa kuliko wenzake kwa wati zilezile ndiyo inayoshinda, hata ikiwa ya mwisho kwa ubora. Sasa binti yangu amezilinganisha kwa kipimo. Tusikilize tena.

(Muziki unapigwa.)

Ya kwanza? Sasa ni mikono mingi. Ya pili? Mingi pia. Mmegawanyika nusu kwa nusu, labda ya kwanza imezidi kidogo. Baba pale nyuma anatikisa kichwa, alikuwa wa pili na sasa yuko wa kwanza. Hujakosea, baba. Ndiyo kwanza masikio yamepata zamu.

Nyumbani mnaweza kufanya hivihivi. Pazia jepesi au kanga, mtu wa kubadilisha waya, na programu ya simu ya kupima desibeli. Simu haipimi kama chombo cha maabara, lakini hapa unalinganisha tu, kwa hiyo inatosha. Pitisha kwenye spika ule mlio wa mfululizo unaofanana na mvua, iache simu palepale unapokaa, sawazisha, ndipo usikilize.

Chumba nacho. Nyumba zetu ni tofali za saruji, vigae chini, jipsamu juu, vioo vikubwa. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia “trrr” inakimbia ukutani, hakuna spika ya bei yoyote itakayokuokoa. Na besi zina hesabu yake: chumba cha mita 4 kwa urefu kinavimbisha mlio wa hezi kama 43, kwa sababu wimbi lake linaingia humo nusu kamili. Kiti kikiwa kimegusa ukuta wa nyuma utapata besi za kukera, ukikivuta katikati zinatoweka, ukadhani spika imekufa. Mkeka wa ukindu ni mwembamba, hausaidii sana. Zulia nene, makochi ya kitambaa, pazia zito lenye mikunjo na kabati la vitabu vinafanya kazi kubwa. Spika zisiwe kwenye kona. Nimeona mtu akitaka kubadilisha spika za milioni mbili, tukazisogeza sentimita 60 kutoka ukutani, akaghairi.

Kuhusu pesa ziende wapi kwanza, kuna mvutano wa zamani. Ivor Tiefenbrun wa kampuni ya Linn, kule Glasgow, aliyeleta mashine ya santuri ya LP12 miaka ya mwanzo ya 1970, alisisitiza chanzo kwanza: kilichopotea kwenye sindano hakirudishwi na spika. Kwa santuri namuunga mkono. Lakini CD ilitoka mwaka 1982, ikipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na leo hata simu ya kawaida inatoa muziki safi kuliko spika inavyoweza kuurudisha. Spika bado ni karatasi au plastiki inayosukuma hewa, ndiyo inayochafua kuliko vyote. Zaidi ya nusu ya bajeti weka huko. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, huu wa kufungia nyumba, unatosha kwa mita chache za sebuleni. Msidanganywe na waya wa laki tano.

Wengi wetu tunanunua vilivyotumika, na mimi navipenda. Lakini tahadhari. Kijana mmoja aliniletea amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970, ameifunga kwa shuka kama mtoto. Nyuma imeandikwa volti 100, ndio umeme wa Japani. Yeye aliichomeka kwenye 230. Fyuzi ilikatika, na badala ya kujiuliza kwa nini, aliweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Niliinusa kabla sijaifungua. Transfoma ilikuwa imeungua hadi ndani, vanishi imeyeyuka na kuganda juu ya bati. Chombo kilichodumu karibu miaka hamsini kiliondoka kwa dakika moja. Transfoma ya kushusha umeme ingemgharimu sehemu ndogo tu ya hasara ile. Kwa hiyo soma nyuma kabla ya kuuliza bei.

Kwenye spika, toa kitambaa cha mbele uguse ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa mpira utanyumbulika. Ukiwa wa sponji ya zamani, na hasa hapa pwani kwenye joto na unyevu, utabaki kwenye kidole kama unga mweusi. Usiikimbie spika hiyo. Fundi anavisha sponji mpya, na wewe umepata sababu ya kupunguziwa.

Nimesema ya kutosha. Najua mnataka kanga ishuke mwone, na baba yule wa nyuma ameshasimama. Naomba mnivumilie. Hapa katikati nimeweka kiti kimoja, umbali sawa na spika zote. Njooni mmoja mmoja, na mwenye wimbo wake kwenye simu aje nao tuupige. Semeni mnachosikia, binti yangu anaandika. Kanga inabaki palepale hadi wa mwisho atakapoinuka.