Gesi Mmeipata, Mbolea Mmeimwaga

Asante, Mwenyekiti. Walionisikia huko nyuma wameshaanza kucheka, wanajua nitaanzia mtaroni. Ni kweli, naanzia mtaroni.

Shule moja ya bweni, siitaji, ilijenga mtambo wa bayogesi nyuma ya jiko. Viporo vya wali, maganda ya ndizi, maharage yaliyoungua, vyote vinaingia humo, vioze, vitoe gesi ya kupikia. Wakanipeleka jikoni kwa mbwembwe: tazama moto wa buluu! Nikapiga makofi. Kisha nikauliza, tope linalobaki gesi ikishatoka, mnalipeleka wapi? Kimya. Mpishi ndiye aliyenionyesha, si wakubwa: bomba limepitishwa chini ya ukuta, linamwaga nje mtaroni. Pembeni ya mtaro kuna migomba ya jirani, imenona mpaka mikungu imewekewa miti ya kuiegemeza. Ndani ya ukuta, mahindi ya shule ya manjano kama yana homa. Na ofisini mhasibu ananung'unikia bei ya mbolea ya urea! Jirani yule hakuwahi kukaa darasani hapo, lakini somo alilielewa kuliko wote.

Sasa tufikiri pamoja. Bayogesi ni methani, ile gesi inayowaka, kama sehemu 60 katika 100, na iliyobaki karibu yote ni hewa ukaa. Yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni. Niambieni, chakula cha mmea kiko wapi hapo? Naitrojeni iko wapi? Fosforasi je? Potasiamu? Ukiacha chembe kidogo sana, hakuna kilichopita kwenye bomba la gesi. Viliingia na maharage, vimo kwenye tope. Tena sehemu kubwa ya naitrojeni imetoka ikiwa tayari kwa mmea: bakteria wamevunja protini, wakaacha amonia iliyoyeyuka majini, mahindi hayaingoji msimu mzima.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Linanuka." Linalonuka ni lile lililotoka kabla ya kuiva. Likikaa mtamboni wiki za kutosha, harufu yake haifiki ya ndoo ya viporo vya juzi. Mwingine ataniambia, "Sisi tulimwaga, hatukuona kitu." Mlimwaga saa ngapi? Saa saba mchana, jua la utosi, amonia ikapaa zake, halafu lawama kwa mtambo! Mwageni jioni, kwenye mfereji kando ya mstari wa mahindi, mfukie na udongo. Na mboga za kachumbari, zinazoliwa mbichi, msizimwagie, tafadhali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mtambo kuchacha, haraka haraka. Bakteria wa tindikali wanakimbia, wa methani wanatembea. Ukiwashindilia wali wa sherehe nzima kwa siku moja, tindikali inajaa, moto unazimika. Anzeni na kinyesi cha ng'ombe, viporo viongezwe kidogo kidogo. Mtambo ukipata kiungulia, uacheni ukae bila kulishwa siku kadhaa. Bakteria hawa wanapenda joto la nyuzi 35 hivi, kwa hiyo ninyi wa baridi ya Makambako mtasubiri gesi kuliko watu wa Tanga. Vizibo na mifuko ya plastiki vitoeni kabla, si baada. Habari ya kuendesha jenereta kwa gesi naiacha, kila mara ndiyo inayokula muda wa tope.

Naam, mama, pale nyuma? Bomba la ile shule? Waliligeuza, sasa linaingia shambani. Jirani hanisalimii mpaka leo.