Maziwa Yatokanayo na Damu: Mzazi Anayenyonyesha katika Tiba ya Jadi ya Kichina

MWANAIDI: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia namna tiba ya jadi ya Kichina inavyomtazama mzazi anayenyonyesha. Mwenzangu Bwana Yohana alisoma Guangzhou, mji wa kusini mwa China, nami ni mkunga, kwa hiyo yeye atatueleza wanavyoamini wenyewe, na mimi nitamkatiza pale kazi yangu ya wodini itakaponilazimu. Tuanze na la msingi, Bwana Yohana: kwa mujibu wa tiba hiyo, maziwa ya mama yanatoka wapi?

YOHANA: Yanatoka kwenye damu, Bi Mwanaidi. Wanasema kwamba tumbo na wengu huchambua chakula na kukigeuza kuwa damu pamoja na ile nguvu ya uhai wanayoiita qi. Damu hiyo hiyo mwanamke huitoa kila mwezi kwa hedhi, akishika mimba humlisha nayo mtoto tumboni, na akishajifungua hupanda kifuani ikawa maziwa, na ndiyo maana, kwa maelezo yao, anayenyonyesha aweza kukaa miezi mingi bila kuziona siku zake. Sasa, kuzaa kunamwaga damu na kuichosha qi, kwa hiyo mzazi huhesabiwa kuwa mtu aliyepungukiwa na aliyeingiwa na baridi, na mtu wa namna hiyo hadaiwi maziwa kabla hajarudishiwa alichopoteza. Hapo ndipo ilipojengeka desturi ya zuo yuezi, yaani kukaa ndani mwezi mzima, na siku hizi wengine hufikisha siku 42 kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kurudi hospitali kupimwa.

MWANAIDI: Wasikilizaji wa pwani wameshaanza kutikisa vichwa, maana arobaini ya kwetu, na kukandwa kwa maji ya moto, na uji wenye pilipili manga, haviko mbali na hayo. Lakini nisikuharibie mpangilio. Mzazi wa China akilalamika kwamba maziwa hayatoshi, huyo tabibu wa jadi humfanyia nini?

YOHANA: Kwanza humuuliza na kumshika, kwa sababu kwao upungufu wa maziwa ni wa aina mbili kuu ambazo hazitibiwi kwa dawa moja. Kuna mzazi ambaye matiti yake ni laini, hayajai, uso umempauka na hamu ya chakula hana. Huyo wanasema damu na qi zimepungua, kwa hiyo hulishwa na kupumzishwa. Na kuna mwingine ambaye matiti yamejaa mpaka yanauma, ni magumu, lakini maziwa hayatoki, na ukimhoji utakuta amekasirishwa au ana huzuni. Kwa huyo husema qi ya ini imekwama na njia zimeziba, kwa hiyo kumlisha supu nzito ni kumwongezea balaa. Tiba ya sindano nayo huja hapo: huchoma katikati ya kifua baina ya matiti, sehemu iitwayo Shanzhong, na pembeni mwa ukucha wa kidole kidogo cha mkono, iitwayo Shaoze, ambapo wakati mwingine hutoboa tu mpaka litoke tone la damu.

MWANAIDI: Kwenye kidole kidogo cha mkono, kwa ajili ya titi?

YOHANA: Ndiyo. Majaribio yamefanywa China kuhusu sindano hizo na baadhi yake yalionyesha ongezeko la maziwa, ingawa mengi yalihusisha watu wachache na hayakuendeshwa kwa uangalifu unaotosha kumaliza ubishi.

MWANAIDI: Kuhusu hasira, hata hivyo, siwapingi. Maziwa hutoka kwenye titi kwa msukumo wa homoni ya oksitosini, na homoni hiyo huzuiwa na hofu, maumivu na fadhaa. Nimewaona wazazi ambao titi limejaa lakini mtoto ananyonya bila kupata kitu kwa sababu ugomvi umetokea mlangoni dakika chache kabla. Wao wanataja ini, sisi tunataja ubongo, lakini ushauri unafanana: mwacheni mzazi apumue.

YOHANA: Na ushauri huo ni wa kale. Sun Simiao, tabibu wa China wa zama za watawala wa Tang katika karne ya 7, alitanguliza magonjwa ya wanawake katika kitabu chake kikubwa cha dawa, na humo alieleza namna ya kumchagua yaya wa kunyonyesha, akaonya kwamba mwanamke asimpe mtoto titi akiwa na hasira au amelewa. Ninachokipenda katika mafundisho hayo ni kwamba yanaigusa familia nzima. Iwapo hasira ya mzazi inaziba maziwa, basi mama mkwe anayemsema kutwa nzima naye ni sehemu ya ugonjwa.

MWANAIDI: Je, mama wakwe wanalijua hilo?

YOHANA: Wanalijua sana linapowahusu wakwe wa watu wengine. Tuje kwenye chakula, maana ndiko imani hii inakoonekana kwa macho. Guangzhou niliishi ghorofa ya nne, na jirani wa ghorofa ya pili alipokaribia kujifungua, mama mkwe wake alianza kupika siki kabla mtoto hajazaliwa. Kile ni chungu kikubwa cha udongo, ndani yake siki nyeusi yenye utamu, tangawizi iliyokomaa iliyomenywa na kukaangwa kavu, kongoro za nguruwe, na mayai ya kuchemsha yaliyobanduliwa maganda. Huchemshwa, huachwa ipoe, huchemshwa tena kesho yake, hadi mayai yanakuwa meusi na kongoro zinalainika. Harufu yake ilijaa kwenye ngazi zote za jengo, na kila aliyepita alijua kwamba nyumba ile inangoja mzazi. Baada ya kujifungua, majirani walipelekewa bakuli. Nami nililipata la kwangu, na nakiri kwamba yai lile ni tamu kuliko linavyotazamika.

MWANAIDI: Hayo ni ya kusini. Kaskazini wanakula nini?

YOHANA: Kaskazini ni uji wa nafaka ndogo ya manjano, umetiwa sukari nyekundu, na mayai mengi. Taiwan wana kuku aliyepikwa kwa mafuta ya ufuta, tangawizi na pombe ya mchele. Halafu, karibu kila mahali, ziko supu za kuleta maziwa: kongoro na karanga, au samaki mbichi aliyechemshwa na papai bichi mpaka mchuzi unageuka mweupe. Vinavyokatazwa ni vile vinavyohesabiwa kuwa baridi, na ubaridi huo haupimwi kwa kipimajoto. Tikiti maji ni baridi, peasi ni baridi, kaa ni baridi hata akitoka jikoni anafuka moshi.

MWANAIDI: Hapo nina mawili ya kusema. Pombe hupita kwenye maziwa na pia huchelewesha kushuka kwake, na kuchemsha hakuiondoi yote, kwa hiyo kuku huyo wa Taiwan mzazi angepikiwa bila pombe. La pili, kumnyima mzazi matunda na mboga za majani kwa mwezi mzima, huku analishwa mayai na mafuta, ni kumtafutia choo kigumu, tena pengine ana mshono. Supu yenyewe sina ugomvi nayo. Haitengenezi maziwa moja kwa moja, lakini mtu aliyeletewa bakuli la moto kitandani ameshaambiwa kwamba yeye naye ana mwenyewe. Dawa za mitishamba je?

YOHANA: Zipo nyingi. Danggui ni mzizi wa kuongeza damu. Tongcao ni kiini chepesi cheupe cha shina la mmea. Wangbuliuxing ni mbegu nyeusi ndogo za kufungua njia za maziwa. Kinyume chake ni kimea cha shayiri kilichokaangwa, ambacho hutumiwa kukausha maziwa wakati wa kumwachisha mtoto. Lakini dawa iliyoleta kelele duniani ni magamba ya kakakuona. Tabibu Li Shizhen, katika kitabu chake cha dawa cha karne ya 16, ameandika usemi kwamba mwanamke akila magamba hayo pamoja na wangbuliuxing, maziwa yatatiririka bila kukoma. Sababu waliyoiona ni kwamba mnyama huyu hupenya ardhini, basi na magamba yake yatapenya palipoziba.

MWANAIDI: Na hilo linafika kwetu Afrika, wasikilizaji. Kakakuona wa Asia walipoadimika, wawindaji haramu waliwageukia wa huku. Mwezi Aprili 2019, Singapore ilikamata makontena mawili ndani ya siku chache, yote yalitoka Nigeria, na jumla ya magamba ilizidi tani 25. Magamba hayo ni keratini, kitu kile kile kilichomo kwenye kucha zako, Bwana Yohana, na hakuna ushahidi wowote kwamba yanaleta maziwa.

YOHANA: China yenyewe imerudi nyuma kwenye jambo hilo. Biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona ilikubaliwa kupigwa marufuku mwaka 2016, na mwaka 2020 China ilimpandisha kakakuona daraja la juu la ulinzi, ikayaondoa magamba katika orodha ya dawa ghafi ya kitabu chake rasmi cha dawa. Matabibu wengi wa jadi walikuwa wameshaanza kutumia mbegu za wangbuliuxing peke yake.

MWANAIDI: Sasa niruhusu niseme lililonifanya nitake mazungumzo haya. Uchunguzi wa taasisi ya China Development Research Foundation, uliotolewa 2019, ulionyesha kwamba ni takriban asilimia 29 tu ya watoto wa China walio chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee, ilhali serikali ilikuwa imelenga kufikia nusu mwaka 2020. Hii ni nchi ambayo mzazi anahudumiwa kuliko karibu popote pengine. Nilijiuliza: msaada wote huo unaishia wapi?

YOHANA: Wewe unadhani unaishia wapi?

MWANAIDI: Unaishia kwa mama, haufiki kwenye titi. Ukiamini kwamba maziwa yanatokana na damu, utamlisha mama na kumlaza; na ukitaka alale, utamchukua mtoto. Lakini titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa, hasa usiku, wakati prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, iko juu. Mtoto akipelekwa chumba kingine na kupewa chupa ya maziwa ya kopo saa nane za usiku ili mzazi apumzike, titi limekosa zamu yake, na kesho maziwa yatakuwa machache kweli. Hapo familia itasema: mnaona, damu yake ni haba. Wanaongeza supu, wanaongeza na chupa.

YOHANA: Niongeze kwamba siku hizi kazi hiyo inafanywa kwa malipo. Yupo yuesao, mama wa makamo anayeajiriwa kuishi na mzazi mwezi mzima, akipika, akimwogesha mtoto na kulala naye. Vipo pia vituo vya kukaa mwezi, vilivyotangulia Taiwan na sasa vimejaa Shanghai na Beijing, ambako watoto hukaa chumba chao cha vioo na mzazi hupigiwa simu chumbani kwake mtoto anapotaka kunyonya. Na wapo wakandaji wa matiti, ambao huitwa nyumbani maziwa yanapokwama.

MWANAIDI: Wakandaji hao wananitia wasiwasi. Titi lililovimba likikandamizwa kwa nguvu huvimba zaidi, na miongozo ya kitabibu ya sasa inakataza ukandaji huo. Kinachosaidia ni kitambaa cha baridi, dawa ya maumivu, na mtoto kuendelea kunyonya kama kawaida. Lakini hebu mwambie mama mkwe aweke kitu cha baridi kwenye titi la mzazi!

YOHANA: Utafukuzwa nyumbani. Na zile siku mbili tatu za mwanzo, kabla maziwa hayajashuka?

MWANAIDI: Ndizo siku za hatari, kwa sababu titi linaonekana tupu. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, ni vijiko vichache tu, na vinatosha, maana tumbo la mtoto ni dogo na ndani ya dang'a mna kinga. Asiyelijua hilo hukimbilia kopo, au hutoa dawa. Baadhi ya familia za Kichina humpa mtoto mchanga maji ya huanglian, mzizi mchungu, ili kuondoa sumu wanayoamini ametoka nayo tumboni. Singapore ilipiga marufuku mzizi huo mwaka 1978 kwa kuhofia ugonjwa wa manjano kwa watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na ingawa marufuku hiyo iliondolewa miongo kadhaa baadaye, mtoto mchanga hana haja ya kupewa chochote zaidi ya titi.

YOHANA: Lakini ungependa mwezi huo ufutwe?

MWANAIDI: Hata kidogo. Likizo ya uzazi ya kitaifa China ni siku 98, na mikoa mingi huongeza, lakini mwezi huo ndio muda wa pekee ambao hakuna anayemdai mzazi kazi hata ya nyumbani. Ningebadilisha jambo moja tu: yuesao alale na mtoto karibu na mama, amwinue na kumpeleka titini kila anapoamka, kisha ambadilishe nepi na kumbembeleza wakati mama anarudi usingizini.

YOHANA: Wapo wanaofanya hivyo. Baadhi ya vituo sasa vinakubali mtoto alale chumba kimoja na mama, ila lazima mzazi aulize mapema, kabla hajalipa.