Mdoezi hana mzigo: kumtambua nyuki-kekeo pichani

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Kabla sijawasha projekta, kila mtu afungue simu yake aangalie picha ya mwisho ya nyuki aliyopiga. Wengi mmepiga mgongo, siyo? Mgongo unapendeza, ila kesi ya leo inaamuliwa miguuni na tumboni.

Kekeo mnamjua, ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake. Wapo nyuki wa tabia hiyo; mimi nawaita wadoezi. Jike hajengi wala hakusanyi chavua. Anavizia mwenye nyumba atoke, anaingia, anataga. Kwa wengi wao, buu lenye taya kama mundu ndilo linalomaliza yai la mwenyeji na kurithi akiba yote.

Kwa hiyo tunatafuta kisichokuwepo. Amegilla, yule mchimbaji wa udongo, hubeba chavua kwenye manyoya mazito ya miguu ya nyuma. Megachile, mkata majani, huibeba chini ya fumbatio, yaani tumbo. Mdoezi hana pa kubebea.

Tazameni hii. Niliipiga kwenye rihani uani kwangu, hapa Dodoma. Mweusi tii, na vidoa vya buluu iliyopauka. Miezi miwili nzima niliiandika Amegilla, aibu yangu! Amegilla ana mikanda inayozunguka fumbatio. Huyu ana madoa, kushoto na kulia, katikati patupu. Halafu kuzeni picha hapa, kifua kinapoishia: kuna kibamba kimetokeza kwa nyuma, ukingo wake umepigwa pengo kama mkia wa samaki. Huyo ni Thyreus, na anayemdoea ni Amegilla huyohuyo niliyemsingizia.

Coelioxys ni rahisi zaidi: fumbatio la jike limechongoka kama ncha ya mkuki, naye hudoea kwa Megachile.

Ila msihukumu haraka. Dume la nyuki yeyote halibebi chavua, hata awe wa ukoo mwema. Hesabuni pingili za papasi, zile antena za kichwani: dume 13, jike 12. Picha ikiwa na ukungu, andikeni jenasi, yaani jina la kundi kama Thyreus, mkaishie hapo.

Naona mkono kule nyuma. Mzee anauliza kama hawa wataingia mizingani mwake. Hapana, mzee wangu, hawa wanavizia nyuki wa upweke, ambao kila jike hujenga kiota chake peke yake, asali yako haiwahusu.

Kesho tukutane korongoni saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo wadoezi bado wamelala, wameng'ata kijiti kwa taya, miguu imekunjwa. Hapo hata simu ya kawaida inatosha.