Sado tatu za nyanya

MUDI: Karibuni tena. Kabla ya yote, niwaambie tu humu studio kunanuka nyanya.

ZUHURA: Hazinuki, Mudi. Zimeiva.

MUDI: Zimeiva tangu Jumanne. Haya, wasimulie.

ZUHURA: Jumanne natoka kazini, daladala imenasa Ubungo, foleni haisogei. Nafungua simu: Sudan. Vita tangu Aprili 2023, watu zaidi ya milioni 10 wameyakimbia makwao. Kwenye picha kuna mama kakaa chini ya mti, kashika sufuria, tupu kabisa. Nikazima simu. Sasa mimi wa Kimara nifanye nini? Nashuka kituoni saa tatu usiku, mama wa genge bado yupo, taa yake ya chaji inafifia, na kabakiwa na nyanya...

MUDI: Sado tatu.

ZUHURA: Sado tatu! Nikamwambia nifungie zote, ukalale.

MUDI: Na huyu anaishi peke yake, wasikilizaji.

ZUHURA: Nimepika rosti, nimekata kachumbari, nimegawa kwa jirani. Jirani sasa akisikia hatua zangu anazima taa.

MUDI: (anacheka) Na chai umenywea nyanya.

ZUHURA: Mkate na nyanya! Usinizulie.

MUDI: Sasa dada, sema ukweli. Kesho yake yule mama alikuuliza nini?

ZUHURA: ...“Leo nikuwekee ngapi?”

MUDI: Umeona! Kaenda sokoni alfajiri kaongeza mzigo, ana mteja wa sado tatu. Nyanya mbivu hazingoji mtu. Umemvurugia hesabu.

ZUHURA: Lakini Jumanne aliwahi kulala. Hilo halina thamani?

MUDI: Ungenunua fungu moja kila siku, mwaka mzima. Wewe ulikuwa unatibu huzuni yako.

ZUHURA: Na kama niliitibu? Kuna mtu kaumia?

MUDI: Yeye! Si nimekwambia ana mzigo?

ZUHURA: Mzigo ataumaliza, hajaanza biashara juzi. We Mudi wiki hii umemfanyia nani nini?

MUDI: Nimenunua fungu, kwa bei aliyotaja.

ZUHURA: Ukaomba nyongeza.

MUDI: Nyongeza ni haki ya mteja!

ZUHURA: Nyanya tatu ulizochukua bure ndiyo huruma yako?

MUDI: Ndiyo biashara. Kesho ananikuta palepale.

ZUHURA: Sikubali.

MUDI: Wala mimi.

(Kimya.)

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha dakika moja. Na tulikuwa na mambo matano ya kuwaambia watu.

MUDI: La kwanza lilikuwa lipi?

ZUHURA: Kupunguza taarifa za habari usiku.

MUDI: Tutalileta wiki ijayo.

ZUHURA: Hatutalileta, tunajuana. Beba basi mfuko huu.

MUDI: Sibebi.

ZUHURA: Fundi?

SAUTI YA FUNDI: Mie nipeni mbili tu.